Maandalizi ya Kutoka Yaanze Siku ya Kuingia

Hotuba iliyotolewa mbele ya maafisa wa magereza na wa ustawi wa jamii, viongozi wa dini, waajiri na familia za wafungwa. Imeandikwa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wakuu wa magereza, maafisa ustawi wa jamii, mashehe na wachungaji, waajiri mlioitikia mwaliko, akina mama na akina baba wenye watoto wenu ndani, na ninyi ndugu zangu mliomaliza vifungo vyenu mkaona mje kuketi nasi leo: asanteni kwa kuja.

Nianze na swali, kila mmoja ajibu moyoni mwake. Katika wafungwa walioko ndani leo, ni wangapi watatoka? Sijauliza wangapi wanastahili kutoka, wala wangapi tungependa watoke. Nimeuliza wangapi watatoka.

Karibu wote. Waondoe wanaofia ndani, waondoe wale wachache ambao mahakama imeamua wasitoke kamwe. Waliobaki, na ndio wengi mno, watatoka kwa lango lile lile waliloingilia. Watapanda basi pamoja nasi. Watapanga chumba jirani na chetu. Watasali safu moja nasi. Hilo halihitaji kura wala mjadala, maana tarehe zao zimeshaandikwa kwenye mafaili. Kinachobaki mikononi mwetu ni mambo mawili: mtu huyo atatoka akiwa na uwezo gani, na huku uraiani atamkuta nani.

Mwaka 1955, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Geneva ulikubaliana kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa. Miaka 60 baadaye, Desemba 2015, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni hizo zikiwa zimefanyiwa marekebisho, zikapewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Ziko 122. Sitawasomea zote, msiwe na wasiwasi. Nataka moja tu tuishike, ya 107. Inasema kwamba tangu mwanzo wa kifungo, maisha ya mfungwa baada ya kuachiliwa yafikiriwe.

Tangu mwanzo, ndugu zangu. Haisemi mwezi wa mwisho. Haisemi wiki ile karani anapopekua faili na kugundua kwamba fulani anatoka Jumatatu. Tangu mwanzo.

Sasa tuulizane kwa ukweli: katika magereza mengi duniani, maandalizi huanza lini? Mara nyingi huanza asubuhi ya kutoka. Anaitwa jina, anarudishiwa nguo alizoingia nazo, ambazo pengine hazimtoshi tena, anatia saini, anaambiwa asirudi. "Usirudi." Hayo ndiyo maandalizi. Neno moja.

Ndugu zangu, hebu tumfikirie mtu mzima aliyetumikia miaka kumi. Kwa miaka kumi ameamshwa na filimbi ya mtu mwingine. Amehesabiwa asubuhi, amehesabiwa jioni. Hajafungua mlango kwa mkono wake, kwa sababu gerezani mfungwa hafungui mlango, anafunguliwa. Hajashika ufunguo. Hajaamua ale nini, alale saa ngapi, azungumze na nani, aende wapi. Kama alitii yote hayo bila kelele, kwenye faili lake tumeandika: mfungwa mwenye nidhamu. Nidhamu hiyo ni ya kungoja kuambiwa. Halafu siku moja, saa mbili asubuhi, tunamtoa nje, tunamtupa katika maisha ambayo hakuna wa kumwambia chochote. Avuke barabara saa ngapi? Ashuke kituo gani? Pesa aliyonayo aigawe vipi mpaka mwisho wa wiki? Akikataliwa kazi afanye nini? Yule jamaa wa zamani akimpigia simu, apokee?

Kila moja ya hayo ni uamuzi. Na kuamua, ndugu zangu, ni uwezo unaodhoofika usipotumika. Hatuwezi kumnyima mtu mzima uamuzi kwa miaka kumi, kisha tukamshangaa anapoamua vibaya siku ya kumi na moja ya uhuru wake.

Hapa nitawapa kisa cha zamani, kwa sababu jambo hili si geni. Mwaka 1840, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeitwa Alexander Maconochie alipewa kusimamia kisiwa cha Norfolk, kule Pasifiki, mashariki ya Australia. Kilikuwa kisiwa cha adhabu. Walipelekwa huko watu waliokuwa wameshahamishwa kutoka Uingereza kwa makosa yao, wakakosa tena huko walikohamishiwa. Kwa lugha ya wakubwa wa siku zile, hao walikuwa wa mwisho kabisa, wasiofaa kitu. Viboko na minyororo ndiyo ilikuwa kazi ya kila siku.

Maconochie akaleta utaratibu ambao haukuwa umezoeleka. Alitaka kifungo kisipimwe kwa miaka tu, kipimwe pia kwa alama. Mfungwa apate alama kwa kazi na mwenendo mwema, na akizikusanya za kutosha, apige hatua kuelekea uhuru. Alama hizo hizo aweze kuzitumia kujipatia vitu vya ziada. Mnaona alichokifanya? Alimrudishia mtu hesabu ya maisha yake mwenyewe. Nile alama zangu leo, au niziweke nitoke mapema? Huo ni uamuzi, tena uamuzi wa aina ile ile tunaoufanya sisi kila mwisho wa mwezi. Baadaye katika safari hiyo wafungwa walifanya kazi kwa vikundi, mmoja akiharibu, wenzake wote wanapungukiwa. Hapo mtu anajifunza kwamba tendo lake lina watu nyuma yake.

Mei ya mwaka ule ule, siku ya kuzaliwa Malkia Victoria ilipofika, Maconochie alifungua malango akawaacha wafungwa watembee kisiwani mchana kutwa, wale, wacheze, washerehekee. Wakubwa waliposikia walikasirika sana. Na wafungwa? Ilipopigwa ishara ya jioni walirudi makambini. Aliondolewa mwaka 1844, kabla utaratibu wake haujapewa nafasi ya kutosha, lakini wazo lake halikuzama na meli iliyomchukua. Karibu miaka kumi baadaye, kule Ireland, Walter Crofton alilichukua akaliongezea hatua moja ya thamani kubwa: gereza la katikati. Mfungwa aliyekaribia kumaliza alipelekwa mahali penye askari wachache, hakuna kuta za kutisha, anafanya kazi karibu kabisa kama mtu huru. Lengo lilikuwa mfungwa na jamii waonane na kupimana kabla ya siku yenyewe.

Leo hii ukienda Norway, kwenye kisiwa cha Bastøy, utakuta jambo lile lile limekua. Wafungwa wanaishi kwenye nyumba ndogo, wanalima, wanafuga, na baadhi yao wanafanya kazi kwenye kivuko kinachounganisha kisiwa na nchi kavu. Wengi walianza kifungo kwenye gereza lenye ulinzi mkali na wakafika hapo hatua kwa hatua. Wanorway wana kanuni wanayoishika: adhabu ni kunyimwa uhuru, basi, mengine ya maisha ya gerezani yafanane kadiri iwezekanavyo na maisha ya nje. Utafiti uliohesabu wafungwa wa Norway waliohukumiwa tena ndani ya miaka miwili baada ya kutoka uliwakuta ni kama asilimia 20. Lakini naomba tuwe waangalifu na hesabu hizi. Mara nyingi namba ya Norway huwekwa kando ya ile ya Marekani, ambako karibu asilimia 68 ya walioachiliwa mwaka 2005 katika majimbo 30 walikamatwa tena ndani ya miaka mitatu. Hapa tunahesabu hukumu, pale tunahesabu kukamatwa; hapa miaka miwili, pale mitatu. Si kipimo kimoja. Mimi sihitaji mashindano hayo ili kuamini kwamba mtu aliyezoezwa kuamua ataamua vizuri zaidi kuliko asiyezoezwa.

Najua mkuu wa gereza mmoja hapo mbele ananitazama akisema moyoni: mimi sina kisiwa, sina nyumba ndogo, nina wafungwa wengi kuliko vitanda. Nakuelewa, mheshimiwa, na sikudai kisiwa. Nakuuliza mambo madogo. Je, mfungwa wako anaweza kuwa na kalenda yake mwenyewe na kuweka miadi yake na mganga au mwalimu, badala ya kuburutwa? Je, anaweza kuandika mwenyewe barua ya kuomba kitambulisho chake, mwaka mmoja kabla, akafuatilia majibu? Je, ule ujira mdogo wa kazi za gerezani, sehemu yake inawekwa akiba apewe akitoka, kama Kanuni za Mandela zinavyosema, na yeye anaiona akiba hiyo ikikua kwenye karatasi? Je, wafungwa wana kamati inayopanga jambo lolote, hata ratiba ya maktaba, na uamuzi wao unaheshimiwa? Haya hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji askari magereza anayejua kwamba yeye ndiye mwalimu anayekaa na mfungwa saa nyingi kuliko mwalimu mwingine yeyote. Na askari huyo naye anahitaji kuandaliwa kwa kazi hiyo, kupandishwa cheo kwa kazi hiyo, kushukuriwa kwa kazi hiyo. Tukimpima kwa utulivu wa selo peke yake, atatuletea utulivu wa selo peke yake.

Kuna wanaosema: hawa ni watu wazima, wameshakomaa katika tabia zao. Samaki mkunje angali mbichi. Akishakauka, utamvunja tu.

Methali hiyo ni nzuri kwa kulea watoto. Kwa watu wazima, maisha yenyewe yameikanusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 huko Marekani, wanandoa watafiti, Sheldon na Eleanor Glueck, walikuwa wakiwafuatilia wavulana 500 wa Boston waliokuwa wamepelekwa shule za kurekebisha tabia. Miongo kadhaa baadaye mafaili yao yalikutwa yamehifadhiwa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi pale Harvard, na watafiti wawili wengine, Robert Sampson na John Laub, wakayafufua, wakawatafuta wale wavulana ambao sasa walikuwa wazee wakikaribia miaka 70. Walikuta nini? Kwamba wengi walikuwa wameacha uhalifu, na walioacha hawakuwa wale tu waliokuwa wapole utotoni. Kilichowageuza kilikuja wakiwa watu wazima: kazi ya kudumu, ndoa njema, jeshi kwa baadhi yao, mahali papya pa kuishi. Walipata kitu cha kupoteza. Walipata mtu wa kuwauliza jioni, ulikuwa wapi?

Basi samaki huyu hakukauka. Tusimkaushe sisi.

Na kazi ndiyo mahali ambapo tunajidanganya zaidi. Tunasema tumewafundisha useremala, ushonaji, uchomeleaji, kwa hiyo wako tayari. Elimu ya gerezani inasaidia, sibishani nayo hata kidogo. Mwaka 2013 taasisi ya RAND ya Marekani ilikusanya tafiti za miongo mitatu na ikaona kwamba waliosoma wakiwa kifungoni walikuwa na uwezekano wa kurudi ulio chini kwa asilimia 43 kuliko wasiosoma. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini ujuzi bila mlango wa kuingilia unamfikisha mtu wapi?

Mwaka 2001, mjini Milwaukee, Marekani, mtafiti Devah Pager aliwatuma vijana kuomba kazi za kawaida kwa waajiri 350. Vijana wale walikuwa wameandaliwa wafanane kwa elimu, kwa umri, kwa namna ya kuzungumza. Tofauti ilikuwa moja: mmoja alisema ametoka kifungoni, mwingine hakusema, na walipokezana kusema hivyo. Miongoni mwa Wazungu, asiye na rekodi ya kifungo aliitwa tena mara 34 katika kila maombi 100. Mwenye rekodi, 17. Nusu. Miongoni mwa Weusi, asiye na rekodi aliitwa mara 14, mwenye rekodi mara 5. Someni tena namba hizo mkifika nyumbani. Mtu mweusi ambaye hajawahi kufungwa alipata nafasi ndogo kuliko Mzungu aliyetoka jela. Palipo na ubaguzi wa zamani, kifungo kinaongeza mzigo juu ya mzigo.

Waajiri mlioko hapa, sitawaambia mmwajiri mtu yeyote tu bila kuuliza. Mwenye kosa la kuiba fedha za ofisi msimpe sanduku la fedha wiki ya kwanza, hata yeye mwenyewe atawashukuru. Ninachoomba ni kwamba swali la kifungo lije baada ya kumwona mtu, lisije kabla. Muulizeni alichofanya, lini, na tangu hapo amefanya nini. Hawaii ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1998: mwajiri haulizi rekodi ya makosa mpaka awe ameshatoa ahadi ya kazi, na akiiondoa ahadi, awe na sababu inayohusiana na kazi yenyewe. Uingereza, tangu 1974, makosa mengi yakishapita muda uliowekwa bila kosa jipya huhesabiwa yamefutika, na mtu halazimiki kuyataja kwa kazi nyingi.

Na kule Ireland kwa Crofton palikuwa na mwalimu wa wafungwa aliyeitwa James Organ. Alipomaliza kuwafundisha darasani, alitoka akazunguka Dublin, mlango kwa mlango, akiwaomba waajiri wamchukue fulani. Kisha akarudi kuwatembelea wale waliochukuliwa, aone wanaendeleaje. Mwajiri alipata mtu wa kumlalamikia. Mfungwa alipata mtu wa kumsemea. Niambieni, katika gereza lenu ni nani mwenye kazi hiyo? Ana jina? Ana nauli?

Jambo jingine kuhusu vyeti. Cheti cha ufundi kisibebe jina la gereza. Kitolewe na mamlaka ile ile inayowapa watu wa nje. Hapa tena Norway wana busara: walimu, waganga na wakutubi wanaohudumu gerezani hawaajiriwi na gereza, wanatoka kwenye huduma za kawaida za jamii. Mtu akitoka, chuo anachokwenda ni kile kile kilichokuwa kikimfundisha. Hakuna kuanza upya kwenye dirisha la mgeni asiyemjua.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Naomba mnisikilize kwa makini, hasa wenye watu wanaokaribia kutoka.

Wiki mbili za kwanza zinaua.

Sisemi kwa mfano. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti kuhusu watu zaidi ya 30,000 walioachiliwa kutoka magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine wa umri, jinsia na rangi yao. Kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya kulikuwa mara 129. Mara mia moja na ishirini na tisa. Wengine walikufa kwa moyo, wengine waliuawa, wengine walijiua.

Kwa nini dawa? Mwili wa mtumiaji huizoea dawa, kipimo kinapanda. Akikaa ndani bila dawa, mwili unasahau mazoea yale. Akitoka, anarudi kwenye kipimo chake cha zamani, anachokikumbuka kichwani, na mwili hauwezi tena kukihimili. Pumzi inapungua, inakatika. Mtu ametoka jela mzima, mama yake amemkumbatia, na kabla ya wiki kuisha wanachimba kaburi. Hajakosa maadili kuliko wenzake. Amekosa mtu wa kumweleza jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika tano. Scotland, kuanzia 2011, wafungwa walio hatarini walianza kupewa siku ya kutoka dawa ya naloksoni, inayozuia kifo mtu akizidisha dawa za jamii ya heroini, pamoja na mafunzo ya kuitumia. Familia nazo zifundishwe, maana aliyezidisha hawezi kujidunga mwenyewe.

Na si dawa za kulevya peke yake. Kuna anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo hazikatizwi. Kuna anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Kuna mgonjwa wa kifafa, wa kisukari, wa akili. Anatoka na vidonge vya siku ngapi mfukoni? Anatoka na barua ya kwenda kliniki gani? Kanuni za Mandela, ile ya 24, zinataka matibabu yaendelee bila kukatika. Ya 108 inataja mambo ya kawaida kabisa, na nayapenda kwa sababu ni ya kawaida: hati na vitambulisho, mahali pa kulala, kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa, nauli ya kumfikisha aendako na kitu cha kujikimu siku za mwanzo. Hakuna anasa hapo. Kitambulisho, paa, nguo, nauli.

Tazameni pia siku ya kumtoa. Ukimtoa mtu Ijumaa alasiri, ofisi ya vitambulisho imefungwa, kliniki imefungwa, afisa ustawi ameondoka. Ana siku mbili na nusu za kumngoja kila mtu anayeweza kumsaidia, na waliofungua milango ni wale wale waliomwingiza matatani. Kuhamisha tarehe kwa siku moja kunagharimu nini?

Na mahabusu? Huyu ndiye tunamsahau kabisa. Amekaa ndani mwaka, pengine miaka, kesi inaahirishwa. Siku moja hakimu anamwachia huru, anatokea mahakamani na nguo alizovaa, bila saa moja ya maandalizi, kwa kuwa kisheria hakuwa mfungwa. Amepoteza kazi, chumba, labda na mwenza. Kila nilichosema leo kuhusu wiki mbili za kwanza kinamhusu, tena zaidi.

Wanawake nao wana yao. Wengi wao ndio walikuwa walezi wakuu wa watoto, na watoto wametawanywa kwa ndugu. Mama akitoka bila nyumba hapewi watoto. Bila watoto hana nguvu ya kuitafuta nyumba. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, zinasema likizo za kwenda nyumbani zitumike kadiri iwezekanavyo kabla ya kuachiliwa. Mtoto aliyemwacha mama yake akiwa na miaka minne akamwona tena akiwa na tisa hawezi kurudishiwa mama kwa asubuhi moja.

Niseme sasa na familia, na majirani, na waumini. Kule Minnesota, jimbo la Marekani, walifuatilia watu zaidi ya 16,000 walioachiliwa, wakaona kwamba waliotembelewa angalau mara moja walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa, pungufu kwa asilimia 13. Ndugu, mlezi wa kujitolea, kiongozi wa dini: ziara zao zilisaidia. Kwa hiyo mkuu wa gereza anayepanga saa za ziara zisizowezekana kwa mtu anayesafiri kutoka mbali, anapunguza usalama wa watu wa nje. Familia nayo iandaliwe. Mliyemzoea hatarudi. Atarudi mtu anayeshtuka mlango ukigongwa, anayeshindwa kulala kukiwa na ukimya, anayekaa na kisogo ukutani. Msimdai furaha siku ya kwanza.

Na asiye na familia? Au yule ambaye familia imemkataa, kwa sababu alichofanya ni kizito mno?

Mwaka 1994, huko Hamilton nchini Kanada, alitoka mtu aliyekuwa amefungwa mara nyingi kwa kuwadhuru watoto. Alimaliza kifungo chote, kwa hiyo sheria haikuwa na mtu wa kumsimamia. Mji ulichemka. Mchungaji mmoja wa Kimenonaiti aliyemfahamu alifanya jambo la ajabu: aliwakusanya waumini wachache wakaahidi kuwa naye. Kuwa naye maana yake kumsaidia apate chumba na kumpigia simu kila siku, na pia kumwuliza maswali magumu usoni, na kuzungumza na polisi na majirani wenye hofu. Hawakuficha kosa lake. Walilijua lote. Mtu yule hakuhukumiwa tena kwa kosa kama lile mpaka alipofariki, zaidi ya miaka kumi baadaye. Duara lile dogo likawa mfano, likaenea Kanada na nchi nyingine, chini ya ahadi mbili ambazo haziachani: pasiwepo tena mwathirika mwingine, na asiwepo mtu wa kutupwa.

Ahadi ya kwanza ndiyo inayonifanya niseme na ninyi mlioumizwa. Najua wamo humu ndani watu waliopoteza mtoto, au mali ya maisha yote, na kila nilipotaja nauli na nguo za mfungwa mmejiuliza: na mimi nani alinipa nauli? Mna haki ya kuuliza. Mna haki ya kuambiwa mapema tarehe anayotoka aliyewadhuru, ili msikutane naye sokoni bila kujua. Mna haki ya kusema wapi asikae. Mna haki ya kukutana naye mkitaka, mbele ya msuluhishi aliyefunzwa, na ya kukataa bila mtu kuwalazimisha msamaha. Mpango wa kumrudisha mfungwa usiotaja aliyeumizwa ni nusu ya mpango.

Japani wana utaratibu wa kisheria tangu 1950 ambapo raia wa kawaida wanaojitolea, zaidi ya 40,000, wanawasimamia na kuwasaidia walioachiliwa katika mitaa yao wenyewe. Hawalipwi mshahara. Wengi ni wazee na wastaafu. Hupokea taarifa mtu akiwa bado ndani, huenda kuikagua nyumba atakayofikia, huzungumza na watakaompokea. Akifika, tayari kuna mtu mtaani anayemjua kwa jina.

Hilo ndilo naomba tuanze nalo hapa, kabla hatujaondoka kwenye ukumbi huu. Wakuu wa magereza mna orodha ya watakaotoka ndani ya miezi sita. Viongozi wa dini mna watu. Maafisa ustawi mnajua mitaa. Wapangeni leo: kila anayetoka awe na mtu mmoja nje aliyekwisha kumtembelea angalau mara tatu kabla ya siku yake. Mtu huyo apewe tarehe, apewe namba ya simu ya afisa ustawi, aelezwe hatari ya wiki mbili za kwanza. Awe langoni asubuhi ile, na aende naye kliniki na ofisi ya vitambulisho siku hiyo hiyo. Waajiri, njooni mfanye usaili ndani, kabla hajatoka; meza na viti tutapanga sisi. Na tuwaombe hawa ndugu zetu waliokwisha kupita njia hii watufundishe, walipwe kwa kutufundisha, kwa maana wanajua mahali ambapo mtu huanguka.

Nimesema ya kutosha. Sasa tupokee maswali, na kwa ruhusa ya mwenyekiti naomba kipaza sauti kianzie kule nyuma, kwa wale waliotumikia kifungo. Watueleze walihitaji nini siku ile ambacho hakuna aliyewapa.